Wagonjwa wa viungo Marekani ni milioni 43, 54, 70 au 91? Uzi kuhusu namna taifa kubwa linavyohesabu baridi yabisi na ndugu zake

Karani wa Zamani ameandika:

Wakuu, salaam.

Mwaka 2022 nilikuwa karani wa sensa katika kata moja mkoani Tanga. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilimkuta bibi mmoja ameketi mkekani barazani, vidole vyake vyote vimelalia upande mmoja, kuelekea kidole cha mwisho, kama minazi ya ufukweni iliyozoea kupigwa na kusi. Tulipofika kwenye maswali ya ulemavu nikamwuliza kama ana ugumu wa kutembea. Akasema anatembea vizuri, alhamdulillahi. Nikamwuliza kama ana ugumu wa kujihudumia, kwa mfano kuoga au kuvaa. Akasema hana, kwa kuwa mjukuu wake ndiye anayemwogesha na kumfunga kanga. Nikabonyeza jibu alilonipa kwenye kishikwambi, nikamshukuru, nikavuka njia kwenda nyumba ya pili. Kwa takwimu nilizozituma mimi mwenyewe, yule bibi ni mzima.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma namna mataifa yanavyohesabu magonjwa ya viungo, na taifa nililolifuatilia zaidi ni Marekani. Lina watu zaidi ya milioni 330, limekuwa likifanya mahojiano ya afya ya kitaifa tangu mwaka 1957, na jambo la manufaa kuliko yote ni kwamba linachapisha hata maswali yenyewe, neno kwa neno, hivyo msomaji anaweza kuona jibu lilitokana na nini. Hoja yangu ni moja tu: namba ya wagonjwa wa viungo katika taifa huanzia kwenye swali aliloulizwa mhojiwa, na anayeinukuu namba bila swali lake hajatuambia kitu.

Tuelewane kwanza kwa majina, maana sisi tuna desturi ya kutia kila maumivu ya kiungo katika kapu la "baridi yabisi". Wataalamu hutaja magonjwa zaidi ya 100 katika kundi hili. Kuna kusagika kwa viungo, ambako gegedu inayotenganisha mifupa hulika na watu husema "ute wa goti umekwisha". Kuna baridi yabisi yenyewe, ambayo kingamwili za mtu hushambulia utando wa ndani wa viungo vyake, mara nyingi mikono yote miwili kwa pamoja. Kuna gauti, au jongo kwa Kiswahili cha kamusi, inayoletwa na fuwele za asidi ya yuriki. Kuna lupasi, ambayo huenda mpaka kwenye figo. Kuna faibromialgia, maumivu ya mwili mzima ambayo picha ya eksirei haiyaonyeshi. Neno athraitisi nitalitumia kwa jumla yao, kama wenyewe wanavyofanya kwenye takwimu zao.

Sasa namba. Kwa takwimu za mwaka 2001, zilizokusanywa kwa simu, CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilihesabu watu wazima milioni 69.9, yaani asilimia 33, wenye athraitisi au dalili sugu za viungo. Kwa takwimu za mwaka 2002, zilizokusanywa kwa mahojiano ya ana kwa ana, walikuwa milioni 42.7. Hakuna dawa iliyogunduliwa katikati ya miaka hiyo miwili. Kilichobadilika hasa ni nani anayehesabiwa kuwa mgonjwa. Hesabu ya kwanza iliwachukua hata watu waliosema viungo vinawauma kwa muda mrefu bila kupewa jina la ugonjwa na daktari. Hesabu ya pili iliwabakiza wale tu waliojibu "ndiyo" kwa swali hili: je, umewahi kuambiwa na daktari au mtaalamu mwingine wa afya kwamba una aina yoyote ya athraitisi, baridi yabisi, gauti, lupasi au faibromialgia? Wengine milioni 23.2 waliwekwa pembeni kwa jina la "huenda wana athraitisi".

Swali hilo la pili ndilo lililobaki, na ndilo lililozaa namba zinazonukuliwa kila mahali: milioni 54.4 kwa miaka ya 2013 hadi 2015, sawa na asilimia 22.7 ya watu wazima, na milioni 58.5 kwa miaka ya 2016 hadi 2018. Baada ya hapo namba ilishuka kuwa takriban milioni 53 kwa miaka ya 2019 hadi 2021, lakini dodoso lilikuwa limeundwa upya mwaka 2019, kwa hiyo mtu asikimbilie kusema ugonjwa umepungua.

Lisome tena swali lile, kisha mfikirie mtu asiyekwenda hospitali kwa sababu hana bima, au aliyekwenda akapewa vidonge vya maumivu bila kuelezwa anaumwa nini. Atajibu "hapana", na atakuwa amesema kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston waliliona tundu hilo, wakachukua takwimu zilezile za serikali za mwaka 2015, wakaziongezea majibu kuhusu dalili pamoja na makosa yanayojulikana ya kila swali, na mwaka 2018 wakachapisha makadirio yao: watu wazima milioni 91.2, sawa na asilimia 36.8. Zaidi ya milioni 61 kati yao walikuwa na umri wa miaka 18 hadi 64. Kwa hiyo nchi moja, katika kipindi kimoja, ina wagonjwa milioni 54 kwa swali moja na milioni 91 kwa maswali mawili yaliyounganishwa, na tofauti ya milioni 37 ni zaidi ya nusu ya watu wote wa Tanzania Bara na Visiwani kwa sensa niliyoshiriki.

Mimi binafsi siidharau namba ndogo. Swali la "uliambiwa na daktari" ni zuri kwa anayetaka kujua hospitali zinabeba mzigo gani. Ila kwa anayetaka kujua watu wangapi wanaamka vidole vimekaza, ni swali bovu.

Ukiingia kwenye ugonjwa mmoja mmoja, mambo yanakuwa ya kuvutia zaidi. Mwaka 2008 kundi la wataalamu wa takwimu za athraitisi lilitoa makadirio ambayo hata leo yananukuliwa: waliosagika viungo ni karibu milioni 27, wenye faibromialgia milioni 5, wenye baridi yabisi milioni 1.3. Kundi hilohilo, miaka kumi nyuma, lilikuwa limeandika kuwa wenye baridi yabisi ni milioni 2.1. Watu laki nane walikwenda wapi?

Jibu liko Rochester, mji wa jimbo la Minnesota ilipo hospitali ya Mayo Clinic. Daktari Henry Plummer alianzisha pale, mwaka 1907, utaratibu wa kila mgonjwa kuwa na jalada moja linalofuatana naye maisha yake yote, na mwaka 1966 mradi ulioanzishwa na Leonard Kurland ukaunganisha majalada ya watoa huduma wote wa wilaya ya Olmsted. Karibu kila mkazi anatibiwa humo. Mtafiti akitaka wagonjwa wa baridi yabisi hapigi simu kwa mtu yeyote: anafungua majalada, anasoma maelezo ya daktari, vipimo na picha za mikono, kisha anapima kila mgonjwa kwa vigezo vilivyokubaliwa mwaka 1987, ambavyo ni vikali kuliko vya zamani. Majalada hayo yalionyesha kwamba wagonjwa wapya walikuwa wamepungua kweli kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo sehemu ya wale laki nane ni ugonjwa uliopungua na sehemu ni kipimo kilichokazwa. Kisha majalada hayohayo yakaonyesha, kwa miaka ya 1995 hadi 2007, kwamba ugonjwa umeanza kupanda tena kwa wanawake, na makadirio ya taifa yakafika milioni 1.5.

Namna hiyo ndiyo makini kuliko zote nilizozisoma. Hata hivyo ina kasoro ambayo Mswahili yeyote ataiona upesi: wilaya moja ya Minnesota, ambayo wakati huo wakazi wake karibu wote walikuwa Wazungu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ndiyo iliyozidishwa ikawa taifa zima.

Taifa zima halifanani. Kwa Wapima, wenyeji wa asili wa bonde la mto Gila kule Arizona, tafiti zilizoanza miaka ya 1960 zilikuta baridi yabisi kwa takriban asilimia 5 ya watu wazima, karibu mara nane ya wastani wa nchi. Upande wa pili wa dunia, mwaka 1993 lilichapishwa jina la utafiti lisilosahaulika, kuhusu kutokuwepo kwa baridi yabisi katika jamii ya mashambani Nigeria: watu wazima karibu 2,000 walichunguzwa, na hakupatikana hata mmoja.

Lupasi nayo ilikuwa haihesabiki mpaka CDC ilipogharamia daftari maalumu za wagonjwa Georgia, Michigan, California, New York na katika huduma ya afya ya wenyeji wa asili. Zilipounganishwa, makadirio yakawa watu wapatao 204,000 nchi nzima kwa mwaka 2018, sawa na 72.8 katika kila watu 100,000. Wastani huo unaficha mengi: kwa wanaume ni 14.6, kwa wanawake 128.7, kwa wanawake weusi 230.9, na kwa wanawake wa jamii za wenyeji wa asili 270.6. Asasi moja inayowatetea wagonjwa imekuwa ikitaja milioni 1.5. Inahesabu aina zote za lupasi na haikutumia daftari hizo, na sioni kama ni uongo, ila ni swali jingine.

Gauti sina la kusema sana. Asilimia 3.9 ya watu wazima, wengi wao wanaume, ilipanda kutoka 2.7 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha ikatulia.

Karibuni tujadili.

Bi Mkubwa wa Ngamiani ameandika:

Shukrani, ndugu yangu, umeeleza vizuri. Lakini naomba unitoe tongo machoni kwa jambo moja. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba ugonjwa huu unaletwa na baridi, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mama yangu mzazi, ambaye sasa ana miaka 67, alikuwa muuza barafu kwa miaka mingi, mikono yake ikiingia kwenye friji tangu alfajiri mpaka jioni, na leo hawezi kukuna nazi. Anakaa kwenye mbuzi, anashika kifuu, kisha anakiweka chini na kumwita mjakazi wa jirani. Je, Wamarekani hao waliwahi kuhesabu kwa kufuata baridi ya mahali?

Karani wa Zamani ameandika:

Bi Mkubwa, shikamoo, na pole kwa mama.

Jina lenyewe lina historia. Yabisi ni neno la Kiarabu, kitu kikavu, kigumu, na katika tiba ya kale ya Wagiriki na Waarabu kila maradhi yalipangwa kwa joto au baridi, unyevu au ukavu. Baridi yabisi ni jina lililotoka katika mpangilio huo. Lilikuwa na maana yake katika elimu ya wakati ule, nalo si ushahidi kwamba friji ndiyo chanzo.

Kuhusu kuhesabu kwa mahali, ndiyo, wanahesabu kila jimbo kwa simu, mahojiano zaidi ya 400,000 kwa mwaka. West Virginia, jimbo la milima na migodi ya makaa ya mawe, ndilo linaloongoza mara kwa mara, karibu theluthi ya watu wazima hata baada ya kusawazisha umri, ilhali Hawaii na mji mkuu Washington huwa chini ya mmoja kati ya watano. Anayeitetea baridi anaweza kufurahi hapo. Lakini West Virginia ina watu wengi wenye uzito mkubwa na waliozoea kazi za sulubu, mambo mawili yanayosaga magoti popote pale, na majimbo yenye baridi kali kuliko hilo hayaongozi. Tena wale Wapima niliowataja, wenye baridi yabisi nyingi kuliko karibu watu wote waliowahi kuchunguzwa, wanaishi jangwani, katika moja ya sehemu zenye joto kali kabisa Marekani. Baridi humfanya mgonjwa ahisi maumivu zaidi, hilo wagonjwa wengi husema na sina sababu ya kuwabishia. Kuleta ugonjwa ni jambo jingine.

Tabibu wa Kanda ameandika:

Nimesoma kwa makini, na naunga mkono hoja ya mwanzisha uzi, isipokuwa naona amewaacha wasomaji na picha kwamba tatizo liko kwenye maswali ya mdomo tu, na kwamba tukipima damu tutapata ukweli. Hajalisema hivyo, lakini wengi watalidhani, kwa sababu wagonjwa wangu hulidhani kila siku. Wanakuja na karatasi ya maabara mkononi: "Daktari, nimepima, nina baridi yabisi."

Kipimo wanachokizungumzia hutafuta kingamwili iitwayo rumatoidi fakta. Tuchukue watu wazima 1,000 ambao kati yao 5 wana ugonjwa kweli. Kipimo kitawanasa wanne, tuseme, kwa sababu wagonjwa wapatao robo huwa hawana kingamwili hiyo. Katika wale 995 wazima, asilimia 5 hivi watakuwa nayo bila kuumwa, yaani watu 50. Basi mkononi una karatasi 54 zinazosema "ndiyo", na wagonjwa wa kweli ni wanne. Huku kwetu hali ni mbaya zaidi, maana malaria na maambukizi mengine ya muda mrefu nayo huipandisha kingamwili hiyo. Anayetaka kuhesabu nchi kwa kipimo hicho atahesabu mbu.

Jambo la pili. Orodha ya Marekani inatokana na magonjwa ya Marekani. Ukiichukua kama ilivyo, utaacha nje magonjwa yanayowaumiza viungo watu wetu. Homa ya chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi wagonjwa walivyokuwa wakitembea. Baadhi ya waliougua hubaki na viungo vilivyovimba kwa miezi, wengine miaka, na mtu asiyeuliza historia ya homa atawaandika kuwa wana baridi yabisi. Mtoto mwenye seli mundu huvimba mikono na miguu, na akikua kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu, akaanza kuchechemea kama mzee. Halafu kuna homa inayofuata maambukizi ya koo, ambayo huwashika watoto kwenye magoti na vifundo, ikaondoka, na kuacha vali za moyo zimeharibika. Duniani watu wapatao milioni 40 wana ugonjwa wa moyo uliotokana nayo. Huko Marekani homa hiyo imekuwa adimu kiasi kwamba haimo kwenye hesabu zile za athraitisi, wakati wodi zetu za watoto zinaijua vizuri sana.

Mbeba Maboksi, Minnesota, ameandika:

Salaam kutoka kwenye theluji. Nimefurahi kuona Rochester imetajwa, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka ninapoishi.

Ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kama Waafrika Mashariki wengi wa huku, na kuna jambo kwenye namba za mwanzisha uzi ambalo nililigundua niliposoma maelezo madogo ya chini ya majedwali. Utafiti wa mahojiano unaotoa zile milioni 54 huhesabu raia wanaoishi majumbani. Wanajeshi walio kazini hawamo, wafungwa hawamo, na wakazi wa nyumba za kulelea wazee hawamo. Katika ghorofa ninayoihudumia, asubuhi naanza na mama mmoja ambaye ni lazima nimlowekee vitambaa vya maji ya uvuguvugu viganjani kwa dakika kumi kabla hajaweza kushika kijiko. Hakuna atakayekuja kumhoji. Sisemi kwamba namba ya taifa ingebadilika sana, maana wakazi wa nyumba hizi ni wachache ukilinganisha na nchi nzima, ila wagonjwa waliozidiwa ndio hasa walioachwa nje.

Karani wa Zamani ameandika:

Mkuu, umenifundisha. Nilikuwa nimelisoma neno hilo la "raia wanaoishi majumbani" mara nyingi na sikuwahi kulipa uzito.

Tabibu, nakubali marekebisho yote mawili. Ninaongeza kidogo tu kuhusu upimaji. Marekani ina utafiti mwingine unaowapima watu badala ya kuwahoji tu: matrela makubwa husafirishwa kutoka wilaya hadi wilaya, yakaegeshwa na kuunganishwa, na ndani yake kuna madaktari, maabara na mashine. Huchunguza watu wapatao 5,000 kwa mwaka. Zile asilimia za gauti zimetoka huko. Kinachochekesha ni kwamba hata katika utafiti huo, pamoja na mashine zote, gauti ilihesabiwa kwa kuuliza: je, daktari aliwahi kukuambia una gauti? Damu ilipimwa kwa ajili ya asidi ya yuriki, lakini mtu anaweza kuwa na asidi nyingi miaka yote asiwahi kuvimba kidole gumba cha mguu.

Na picha za goti zina ujeuri wao. Wako wazee wenye magoti yaliyosagika kabisa kwenye eksirei wanaotembea kwenda shamba na kurudi, na wako wenye picha safi wanaolia usiku. Ndiyo maana watafiti hutenganisha kusagika kwa picha na kusagika kwa dalili, na idadi hizo mbili huachana mbali.

Kokotoa ameandika:

Kwa heshima zote, mnatuzungusha. Sensa ya 2022 ilitupa watu 61,741,120. Marekani wana asilimia 22.7. Zidisheni, mtupe idadi ya Tanzania, tuache falsafa. Mimi nimepata zaidi ya milioni 14.

Karani wa Zamani ameandika:

Ndugu Kokotoa, kikokotoo chako kiko sawa, ila kimezidisha vitu viwili visivyohusiana.

Kwanza, asilimia 22.7 ni ya watu wazima, nawe umeizidisha kwa watu wote hadi vichanga. Karibu nusu ya Watanzania hawajatimiza miaka 18, kwa hiyo tayari nusu ya milioni zako 14 imeondoka.

Pili, hata kwa watu wazima, wastani huo umebebwa na wazee. Kwa miaka ile ya 2013 hadi 2015, Mmarekani wa miaka 18 hadi 44 alikuwa na athraitisi ya kuambiwa na daktari kwa asilimia 7.1. Wa miaka 45 hadi 64, asilimia 29.3. Aliyefika 65 na kuendelea, asilimia 49.6. Wenye miaka 65 na zaidi ni mmoja katika kila Wamarekani sita hivi, na kwetu hawafiki hata mmoja katika kila ishirini. Nchi ya vijana ikitumia wastani wa nchi ya wazee inajitungia wagonjwa. Kwa sababu hiyohiyo Wamarekani wenyewe walikadiria kwamba watafika milioni 78.4 mwaka 2040, kwa hesabu ya watu kuongezeka na kuzeeka tu, bila ugonjwa wenyewe kuongeza kasi.

Tatu, swali lao linadai daktari awe amekuambia. Ukilileta hapa neno kwa neno, utapata namba ndogo ya kupendeza, nayo itakuwa imepima uhaba wa madaktari wa viungo. Shirika la Afya Duniani na umoja wa kimataifa wa vyama vya madaktari wa viungo waliliona hilo zamani, ndiyo maana mwaka 1981 wakaanzisha mpango wa kuchunguza jamii mahali ambapo hospitali ni chache. Mfano unaotajwa sana ni kijiji cha Bhigwan, magharibi mwa India, mwaka 1996. Watu wa kujitolea wa kijiji walipita nyumba kwa nyumba na swali la maumivu tu, kila aliyesema "ndiyo" akaulizwa zaidi, kisha daktari wa viungo akaja kumpima kijijini kwake. Katika watu wazima 4,092, wenye maumivu walikuwa 746, sawa na asilimia 18.2, na wenye baridi yabisi ya kweli walikuwa takriban nusu ya asilimia. Ukisoma namba hizo mbili pamoja unaona umbali uliopo kati ya mtu anayeumwa viungo na mtu mwenye ugonjwa huo mmoja.

Kokotoa ameandika:

Nimekuelewa. Nafuta milioni zangu 14. Lakini kama ningekuwa na bajeti ya swali moja tu kwenye dodoso la taifa, niulize lipi?

Tabibu wa Kanda ameandika:

Mimi ningeuliza kuhusu asubuhi. Viungo vilivyosagika hukaza kwa dakika chache mtu anapoamka au anaponyanyuka kitini, kisha vikalegea. Baridi yabisi hukaza kwa muda mrefu, na vigezo vya mwaka 1987 vilitaka iwe angalau saa nzima. Swali moja halitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, ila hilo linachuja kuliko "unaumwa viungo?", ambalo kila mkulima wa miaka 50 atalijibu "ndiyo" kabla hujalimaliza.

Bi Mkubwa wa Ngamiani ameandika:

Nimerudi, wanangu, na nina taarifa.

Jana baada ya chakula cha mchana nilikaa na mama nikamwuliza maswali yote matatu mliyoyazungumzia humu, kwa utaratibu, kama karani.

Nilimwuliza: mama, daktari amewahi kukuambia una baridi yabisi, au gauti, au ugonjwa wowote wa viungo? Akasema hapana. Katika zahanati aliyokwenda miaka miwili iliyopita aliambiwa ni uzee, akapewa vidonge vya maumivu.

Nikamwuliza: katika siku 30 zilizopita, viungo vimekuuma au kukaza? Akanicheka. Akasema, "We mtoto, kwani hunioni?"

Nikamwuliza la tatu, la Tabibu: ukiamka, vidole vinachukua muda gani mpaka vikunjuke? Mama hana saa ya mkononi. Akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa uani, akasema, "Mpaka jua liguse kile kinu."

Leo nimeamka alfajiri nikakaa naye jikoni. Aliamka saa kumi na mbili kasorobo. Jua liliugusa mguu wa kinu saa mbili na dakika ishirini.

Tabibu wa Kanda ameandika:

Bi Mkubwa, mpige picha mikono yake kesho asubuhi, kabla haijakunjuka, ya kushoto na ya kulia pamoja, kisha uende naye hospitali ya mkoa na picha hizo. Akifika kwa daktari saa tano vitakuwa vimelegea, naye hataona ulichokiona wewe.

Karani wa Zamani ameandika:

Na ukienda, usiseme "mama anaumwa viungo". Sema habari za kinu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani ameandika:

Tunakwenda Jumatano, inshallah. Nitaleta majibu humu.